Sheria na uchumi: utangulizi kwa mwanafunzi wa sheria

Mwezi Agosti mwaka 2016, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitia saini sheria iliyoziwekea benki kikomo cha riba. Kuanzia mwezi uliofuata, benki hazikuruhusiwa kumtoza mkopaji zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Lengo la wabunge lilieleweka na kila mtu: kumwokoa mfanyabiashara mdogo, mkulima na mfanyakazi kutokana na riba zilizokuwa zikiwakaba.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2019, kikomo hicho kiliondolewa. Benki Kuu ya Kenya na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa zimeeleza jambo ambalo wakopaji wengi walikwisha kulishuhudia. Benki zilipozuiwa kutoza riba kubwa kwa mteja zilizemuona kuwa wa hatari, hazikumpa mkopo nafuu; hazikumpa mkopo kabisa. Fedha zilielekezwa kwenye dhamana za serikali na kwa wateja wakubwa. Baadhi ya wadogo wakakimbilia mikopo ya simu iliyotolewa na makampuni yasiyo benki, ambayo sheria ile haikuyagusa.

Kisa hiki hakithibitishi kwamba benki zilikuwa na haki, wala kwamba malalamiko ya wakopaji yalikuwa ya uongo. Kinachoonyesha ni kwamba sheria haimaliziki pale inapotiwa saini. Watu huisoma, huipigia hesabu, kisha hubadili mwenendo wao. Kuichunguza sheria kwa kufuata mabadiliko hayo ya mwenendo ndiko kunakoitwa uchambuzi wa sheria kwa misingi ya uchumi, au kwa kifupi, sheria na uchumi.

Makala haya yanaeleza chimbuko la fikra hiyo, hoja zake kuu kwa kutumia kesi halisi, na mapungufu yake.

Maswali mawili tofauti

Mwanafunzi wa sheria hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kutazama nyuma. Jambo limekwisha tokea: gari limegonga, mkataba umevunjwa, jirani amelalamika. Kazi ya mahakama ni kuuliza nani alimkosea nani, na alipwe nini.

Mchumi hutazama mbele. Kwake yeye, maumivu ya jana hayarudi nyuma. Analouliza ni hili: baada ya hukumu hii kutangazwa, madereva wengine, wafanyabiashara wengine na majirani wengine watafanya nini kesho? Kwa macho yake, kila kanuni ya sheria hufanana na bei. Bei ya nyama ikipanda watu hupunguza kununua nyama. Gharama ya uzembe ikipanda, watu hupunguza uzembe.

Maswali haya mawili hayapingani. Jaji mzuri huyauliza yote mawili. Lakini hayana jibu moja kila mara, na hapo ndipo mjadala unapoanzia.

Chimbuko

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milan, Italia, aliandika kwamba mhalifu huzuiwa na uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Mwingereza Jeremy Bentham aliendeleza hoja hiyo kwa kumwona binadamu kama mtu anayepima raha na maumivu kabla ya kutenda.

Hata hivyo, somo hili kama linavyofundishwa leo lilizaliwa Marekani katika miaka ya 1960. Mwaka 1960 Ronald Coase, mchumi aliyezaliwa London mwaka 1910, alichapisha makala kuhusu gharama ambazo shughuli ya mtu mmoja huwatwisha wengine. Mwaka 1961 Guido Calabresi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyefika Marekani akiwa mtoto baada ya familia yake kuukimbia utawala wa kifashisti wa Italia mwaka 1939, alichapisha uchambuzi kuhusu ajali na mgawanyo wa hatari. Mwaka 1968 Gary Becker aliandika kuhusu uhalifu na adhabu. Na mwaka 1973 Richard Posner, ambaye baadaye alikuwa jaji wa rufaa kuanzia 1981 hadi 2017, alitoa kitabu kilichochambua karibu kila tawi la sheria kwa kipimo cha uchumi. Coase alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, na Becker mwaka uliofuata.

Coase alianzia kwenye redio. Mwaka 1959 aliandika kuhusu masafa ya utangazaji nchini Marekani, akidai kwamba vurugu ya vituo kuingiliana hewani ingeweza kutatuliwa kwa kuwapa watu haki ya masafa na kuwaruhusu waziuze. Wachumi wa Chicago waliona amekosea. Walimwalika chakula cha jioni, wakajadiliana naye nyumbani kwa mwenzao, Aaron Director. Kwa simulizi ya waliohudhuria, watu wapatao 20 waliingia wakimpinga, na saa chache baadaye walitoka wakikubaliana naye. Marekani yenyewe ilianza kuuza masafa kwa mnada mwaka 1994.

Vinu vya Wigmore Street

Ili kueleza hoja yake, Coase alitumia kesi ya Kiingereza ambayo hadi leo iko katika vitabu vya sheria vya Afrika Mashariki: Sturges dhidi ya Bridgman, iliyoamuliwa mwaka 1879.

Bridgman alikuwa mtengenezaji wa peremende na vitu vitamu katika mtaa wa Wigmore, London. Kwa zaidi ya miaka 20 alitumia vinu viwili vikubwa kutwangia. Sturges alikuwa daktari aliyehamia jirani yake. Mwaka 1873 daktari huyo alijenga chumba cha kuwaonea wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, kikiegemea ukuta wa jikoni kwa Bridgman. Kelele na mtikisiko wa vinu vikamzuia kufanya kazi. Akaenda mahakamani, na mahakama ikatoa amri ya kumzuia mtengenezaji wa peremende.

Mtazamo wa kawaida husema: mwenye kinu ndiye anayeleta madhara, basi azuiwe au alipe. Coase aliligeuza swali. Alisema madhara yana pande mbili. Kinu kikiachwa, daktari anaumia. Kinu kikizuiwa, mtwangaji anaumia. Bila chumba kile kujengwa pale, kusingekuwa na kesi. Swali ni lipi kati ya madhara hayo mawili liepukwe.

Tuchukue hesabu ya kufikirika. Tuseme vinu vinampa Bridgman faida ya shilingi 300,000, na utulivu unampa daktari faida ya shilingi 500,000. Ikiwa mahakama itampa daktari haki, vinu vitanyamaza, kwa sababu Bridgman hawezi kutoa zaidi ya 500,000 kununua ruhusa ya kitu kinachompa 300,000. Ikiwa mahakama itampa Bridgman haki, daktari atamfuata na kumwambia: pokea 400,000, nyamazisha vinu. Bridgman atapata 100,000 zaidi ya faida yake ya kawaida, na daktari atabaki na 100,000. Vinu vitanyamaza vilevile.

Kwa hiyo, iwapo majirani wanaweza kukaa kitako na kupatana bila gharama, ardhi na nguvukazi vitatumika kwa namna ileile bila kujali nani alishinda kesi. Kinachobadilika ni nani anamlipa nani. Kwa mtu mwenye kesi, bila shaka, hilo si jambo dogo.

Pale ambapo mapatano hayawezekani

Wengi huishia hapo na kudhani Coase alisema sheria haina umuhimu. Alisema kinyume chake. Mapatano yana gharama: kutafutana, kupata taarifa, kujadiliana, kuandika makubaliano na kuhakikisha yanatekelezwa. Gharama hizo zikiwa kubwa, mapatano hayafanyiki, na uamuzi wa mahakama ndio unaobaki. Hapo sheria ina uzito wa pekee.

Mfano ulio wazi uko Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu za magari kilifanya kazi kando ya makazi ya watu. Wakaazi, watoto wakiwemo, walipatwa na sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani taasisi za serikali pamoja na wenye kiwanda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua tuzo hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Jaribu kumweka Coase katika kitongoji hicho. Nani angepatana na nani? Wakaazi walikuwa maelfu. Kwa muda mrefu hawakujua kilichokuwemo katika damu ya watoto wao. Mtu hawezi kujadili bei ya kitu asichokijua. Na hata wangejua, mkaazi wa nyumba ya mabati hana fedha za kumshawishi mwenye kiwanda afunge. Gharama za mapatano hapa hazikuwa kubwa tu, zilikuwa ukuta. Katika hali kama hiyo, hoja ya Coase inatuongoza kutafuta sheria na msimamizi anayeitekeleza kabla ya madhara, wala haitupeleki kuuachia soko.

Mwaka 1972 Calabresi na mwenzake Douglas Melamed waliongeza chombo muhimu katika kisanduku cha mwanasheria. Walisema haki inaweza kulindwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni zuio: hakuna anayeweza kuichukua haki yako bila ridhaa yako na bei unayoitaka. Ya pili ni fidia: mwingine anaweza kuichukua, mradi alipe bei iliyowekwa na mahakama. Ya tatu ni haki isiyouzika kabisa, kama uhuru wa mtu, ambayo hata mwenyewe haruhusiwi kuiuza. Mwanafunzi akisoma hukumu yoyote ya ardhi au mazingira, na ajiulize mahakama imechagua njia ipi, na kwa nini.

Tishali lililozama New York

Katika sheria ya uzembe, kesi inayotajwa zaidi ni ya tishali lililoitwa Anna C. Ilikuwa Januari 1944, wakati wa vita, bandari ya New York ikiwa imejaa vyombo. Tishali hilo, lililobeba unga wa serikali ya Marekani, lilifunguka kamba wakati mashua ya kuvuta vyombo ikihamisha matishali mengine. Likachukuliwa na maji, likagonga meli, likatoboka chini na kuzama. Mlinzi wake hakuwemo. Alikuwa ameondoka jioni ya siku iliyotangulia. Angekuwemo, tundu lingegunduliwa na maji yangepigwa pampu.

Je, mwenye tishali alikuwa mzembe kwa kukosa mlinzi? Mwaka 1947, Jaji Learned Hand alijibu kwa hesabu ya vitu vitatu: uwezekano wa ajali kutokea, ukubwa wa hasara iwapo itatokea, na mzigo wa kuchukua tahadhari. Mzigo wa tahadhari ukiwa mdogo kuliko hasara ikizidishwa kwa uwezekano wake, asiyechukua tahadhari ni mzembe.

Tuseme hasara inayoweza kutokea ni shilingi milioni 10, na uwezekano wake ni mmoja katika mia. Hasara inayotarajiwa ni 100,000. Mlinzi anayegharimu 40,000 alipaswa kuwepo. Hatua inayogharimu 300,000 haikuwa lazima. Jaji Hand aliona kwamba katika msongamano ule, saa za kazi mchana, ilikuwa haki kutaka mlinzi awemo.

Kanuni hii inamsaidia mwanafunzi kueleza kile ambacho majaji wengi hukisema kwa maneno ya jumla, kama vile "mtu mwenye busara ya kawaida". Inamkumbusha pia kwamba tahadhari isiyo na kikomo haiwezekani; gari lisiloweza kumgonga mtu ni lile lisilotembea. Calabresi aliongeza swali la ziada: ni nani angeweza kuiepusha ajali kwa gharama ndogo zaidi? Mara nyingi huyo ndiye anayefaa kubeba mzigo.

Mkataba na taarifa

Kila mwanafunzi wa sheria hukutana na kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854. Kinu cha kusaga cha huko Gloucester kilivunjikiwa mtaimbo. Mtaimbo huo ukakabidhiwa kwa wachukuzi ili upelekwe kwa mafundi wa Greenwich uwe kigezo cha kutengenezea mwingine. Wachukuzi wakachelewa, kinu kikakaa bila kazi, na wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Mahakama ilikataa: hasara hiyo ya pekee haikuwa katika fikra za pande zote mbili walipofanya mkataba.

Mchumi huisoma hukumu hii kama kanuni ya taarifa. Mwenye kinu ndiye anayejua kwamba hana mtaimbo wa akiba. Mchukuzi hajui. Mahakama inapomnyima fidia aliyekaa kimya, inamfundisha mwingine aseme mapema: mzigo huu ukichelewa nitapata hasara kubwa. Mchukuzi akijua hivyo atauharakisha, au atadai nauli ya juu zaidi, au atakataa kuubeba. Katika hali zote tatu, watu wameamua wakiwa wanajua.

Bei ya kosa

Becker aliiendea jinai kwa njia hiyohiyo. Alisema mtu anayefikiria kuvunja sheria hutazama mambo mawili: ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa. Dereva anayezidisha abiria akijua kwamba faini ni shilingi 10,000 lakini hukamatwa safari moja katika mia, kwake faini hiyo ni shilingi 100 kwa safari. Nauli ya abiria mmoja wa ziada huilipa.

Serikali nyingi, zikiona hivyo, hupandisha faini, kwa sababu kuandika tarakimu mpya katika sheria hakugharimu kitu, ilhali kuajiri askari kunagharimu. Lakini uchambuzi uleule unaonya. Faini ikipanda huku askari wa barabarani akilipwa mshahara uleule, kinachopanda pamoja nayo ni bei ya hongo. Dereva aliyekuwa tayari kulipa kidogo ili aepuke 10,000, sasa yuko tayari kulipa zaidi ili aepuke 100,000. Beccaria alikuwa sahihi: uhakika ndio wenye nguvu.

Onyo la pili ni kuhusu adhabu zinazolingana. Sheria ya Kenya imeweka adhabu ya kifo kwa mauaji na pia kwa wizi wa mabavu, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini humo tangu mwaka 1987. Kwa hoja ya Bentham na Becker, mnyang'anyi ambaye tayari anakabiliwa na kifo hana kinachomzuia kumuua shahidi wake. Adhabu isiyopanda ngazi humwondolea mhalifu sababu ya kuishia njiani.

Hata hivyo, binadamu si mashine ya kuhesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliangalia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Baadhi ya vituo viliweka faini. Wazazi wanaochelewa wakaongezeka, karibu maradufu. Kabla ya hapo mzazi aliona haya kumweka mwalimu hadi jioni. Sasa aliona ananunua huduma. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Sheria inaweza kuwa bei, na pengine hilo ndilo kosa lake.

Nani anahesabiwa?

Pingamizi kubwa dhidi ya somo hili linahusu neno "ufanisi". Kipimo chenye masharti makali, kinachobeba jina la Vilfredo Pareto, husema badiliko ni jema ikiwa limemnufaisha angalau mtu mmoja bila kumuumiza yeyote. Mabadiliko ya namna hiyo ni machache mno. Kwa hiyo wachumi wengi hutumia kipimo cha pili, cha Nicholas Kaldor na John Hicks: badiliko ni jema ikiwa walionufaika wamepata kiasi ambacho wangeweza kuwafidia walioumia, na bado wakabaki na ziada.

Mwanafunzi alitazame vizuri neno "wangeweza". Halisemi kwamba wamewafidia. Kijiji kikihamishwa kupisha shamba kubwa lenye faida kuliko hasara ya wanakijiji, kipimo hiki kinaridhika hata kama hakuna aliyelipwa senti. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin aliuliza mwaka 1980 iwapo utajiri kwa ujumla wake ni jambo la thamani lenyewe, bila kujali umeangukia mikono ya nani. Posner alijaribu kuutetea msimamo huo, na mjadala haujafungwa.

Kuna tatizo jingine. Soko hupima thamani kwa kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa, na aliye maskini hawezi kuwa tayari kulipa alichonacho tajiri. Katika mfano wetu wa vinu, daktari aliweza kununua utulivu kwa sababu alikuwa na 400,000. Angekuwa mshona viatu, utulivu wake ungeonekana katika hesabu kuwa na thamani ndogo, ingawa kichwa kinamuuma kama cha daktari.

Suala la ardhi linaonyesha pande zote mbili za hoja. Mwaka 2000 Hernando de Soto wa Peru alichapisha kitabu kikidai kwamba mali ya maskini ni mtaji uliokufa kwa sababu haina hati. Tanzania, ambayo Sheria yake ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati ya hakimiliki ya kimila, ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, MKURABITA. Hoja ya kiuchumi ni ya kweli: mwenye hati anaweza kuwekeza bila hofu na kukopa. Lakini kinachowekwa rehani huweza kupotea. Shamba ambalo kwa benki ni dhamana, kwa familia ni chakula cha mwaka na makaburi ya wazee. Naye Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alionyesha kwamba malisho, misitu na maji vinavyomilikiwa kwa pamoja vinaweza kutunzwa vyema kwa kanuni za wenyeji, bila kugawanywa vipande wala kuchukuliwa na serikali.

Hesabu ya mhariri

Mwandishi wa makala haya hakujifunza somo hili darasani kwanza. Alilijifunza kwenye dawati la uhariri, miaka kabla ya kuihama nchi yake. Jioni moja wakili wa gazeti aliweka mezani karatasi yenye safu mbili za tarakimu. Habari iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya kweli na tulikuwa na nyaraka. Lakini gharama ya kuithibitisha mahakamani, ukijumlisha fidia ambazo majaji walikuwa wakizitoa kwa wakubwa waliodai kukashifiwa, ilizidi mauzo ya gazeti kwa miezi kadhaa. Habari haikuchapishwa. Hakuna aliyetukataza, bei ilitosha.

Kwa lugha ya somo hili, faida ya habari ya kweli huwafikia wananchi wote, lakini gharama yake humwangukia mchapishaji peke yake. Ndiyo maana ukubwa wa fidia za kashfa si suala la mdai na mdaiwa pekee. Na ndiyo maana hukumu kadhaa za miaka ya karibuni zina uzito unaozidi wahusika wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kumfunga mtu gerezani kwa kashfa kulikiuka uhuru wa kujieleza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kosa la jinai la kashfa ni kinyume cha katiba. Kifungo kinapoondolewa, hesabu ya mhariri hubadilika, hata wa gazeti ambalo halijawahi kushtakiwa.

Namna ya kulitumia somo hili

Mwanafunzi haihitaji hisabati ngumu ili aanze. Anaposoma hukumu au muswada wa sheria, na ajiulize maswali matano:

1. Kanuni hii inabadili gharama ya kufanya nini, na kwa nani?

2. Wanaoguswa wataikwepa vipi, na nani ataachwa nje, kama walivyoachwa wakopaji wadogo wa mwaka 2016?

3. Je, wahusika wangeweza kupatana wenyewe? Kama hawawezi, ni kwa sababu ya wingi wao, kukosa taarifa, au umaskini?

4. Nani angeweza kuyaepusha madhara kwa gharama ndogo zaidi?

5. Katika hesabu hii, nani hakuhesabiwa kwa kuwa hana fedha, na kuna kitu gani hapa kisichopaswa kuwekewa bei?

Maswali manne ya kwanza yametoka kwa wachumi, na mwanasheria asiyeyauliza anaweza kuandika sheria ya huruma inayomuumiza yuleyule aliyekusudiwa kuhurumiwa. Swali la tano ni la mwanasheria mwenyewe. Wakaazi wa Owino Uhuru hawakuwa na fedha za kukinunua kimya cha tanuru lile. Walichokuwa nacho ni haki ya kusimama mbele ya mahakama, na iliwachukua miaka kuipata.